Mashine Peke Yake Haitoshi: Hotuba ya Kamati ya Fedha kuhusu Ndugu Zetu Wanaosafishwa Damu

  

Mzee wetu ametangulia kutubariki kwa slufay, nasi tumeitikia. Tunaomba baraka hiyo iwafikie pia wale ambao leo hawakuweza kuja kwa sababu leo ni siku yao ya mashine.

Sisi wa kamati ya fedha tumezoea kuitwa mbele kusoma mapato na matumizi, kisha tukaketi. Mwaka huu tumepewa muda zaidi. Katika vikao vya matawi, hoja iliyorudi mara nyingi kuliko ya madawati na ya bweni la wasichana ni hoja ya figo. Wengi mmesema: tuchange, tununue mashine ya kusafisha damu, tuiweke nyumbani, ili wagonjwa wetu wasiendelee kusafiri. Hoja hiyo imetoka kwenye uchungu. Hakuna ukoo hapa ambao haujamuuguza, haujamzika au haujamsikia mtu wa figo.

Tuliichukua hoja hiyo kwa uzito. Tuliongea na wauguzi, tukakaa na wagonjwa na wanaowauguza, kisha tukapiga hesabu. Tunaleta kwenu pendekezo tofauti: fedha ya harambee hii isinunue mashine. Igharamie mambo yanayomfanya mgonjwa aifikie mashine iliyopo, kila siku yake, bila kukosa na bila kukata tamaa. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha muamue.

Figo inafanya nini, na mashine inafanya nini

Mungu ametupa figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nyuma chini ya mbavu. Zinachuja damu usiku na mchana. Zinatoa taka na maji yaliyozidi kupitia mkojo, zinapima chumvi na madini mengine mwilini, zinasaidia kuituliza presha, zinaagiza mwili utengeneze damu mpya, na zinalinda mifupa. Wiki moja ina saa 168, na figo nzima zinafanya kazi saa zote hizo.

Zikishindwa kabisa, mashine huchukua sehemu ya kazi hiyo. Damu inatoka mwilini kwa bomba, inapita kwenye kichujio, inarudi. Kwa kawaida inatakiwa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Hizo ni saa 12 kati ya 168. Saa nyingine zote 156, taka na maji vinajikusanya ndani ya mwili mpaka siku ya mashine ifike tena. Anayeelewa hesabu hiyo ameelewa nusu ya ugonjwa huu. Ndiyo maana kukosa siku moja si jambo dogo, na ndiyo maana madaktari wanaogopa zaidi lile pengo refu la wiki, siku 2 mfululizo bila mashine. Vifo na mshtuko wa moyo huongezeka baada ya pengo hilo.

Wapo wenzetu wanaokwenda mara 2 kwa wiki, si kwa sababu daktari amesema, ila kwa sababu mfuko umesema.

Tuseme na hili, kwa kuwa huko nyumbani linasemwa sana: "Ukiwekwa kwenye mashine ndio mwisho wako." Wengi wetu hufika hospitali tumechelewa, miguu na uso vimevimba, pumzi inakata, moyo umechoka. Mtu akifa wiki ya kwanza, mashine ndiyo inayolaumiwa. Anayeanza mapema na kuhudhuria bila kukosa anaweza kuishi miaka mingi. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alitengeneza njia ya kumuunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara bila kuharibu mshipa mpya kila siku. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 baada ya hapo. Hiyo ilikuwa enzi ya vifaa duni kuliko vya leo.

Ipo pia njia ya kupandikiza figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Figo hutolewa na ndugu aliye hai, vipimo vikikubali, na aliyepandikizwa humeza dawa maisha yake yote. Kwa hiyo hata anayesubiri figo ya ndugu yake anahitaji kufika salama mpaka siku hiyo, na njia ya kufika ni mashine.

Mwili wa anayesafishwa damu

Tumewauliza wagonjwa wetu wangependa sisi tujue nini. Haya ndiyo waliyotuambia, na wauguzi wakayathibitisha.

Kwanza ni uchovu. Mtu akishuka kwenye kitanda cha mashine, siku hiyo imekwisha. Presha hushuka, misuli hukaza, kichwa huuma. Ukimwona amelala saa 10 jioni usidhani anadeka. Damu nayo huwa pungufu, kwa sababu figo ndizo zilizokuwa zinauagiza mwili uitengeneze. Wengi huchomwa sindano za kuongeza damu. Wengine huwashwa mwili mzima, na usiku usingizi unakataa.

Pili ni maji. Mgonjwa ambaye hapati mkojo hawezi kunywa anavyotaka. Wengi hupimiwa takriban lita moja kwa siku au chini yake, na humo mmehesabiwa uji, chai, mchuzi na maziwa. Kwa mtu aliyekua akinywa maziwa kwa kibuyu, hiyo ni kiu ya kila siku.

Tatu ni chakula. Ndizi, viazi, maharage, nyanya, parachichi na machungwa vina potasiamu nyingi. Kwa mtu mzima wa afya ni chakula kizuri. Kwa asiye na figo, potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Chumvi inaleta kiu na kupandisha presha, na hapa tuseme wazi juu ya magadi. Sisi watu wa Hanang na Mbulu tunapikia mboga na maharage kwa magadi, na chumvi ya Ziwa Balangida tumeilamba tangu utoto. Magadi ni chumvi kwa jina jingine. Mgonjwa apikiwe bila hayo, na asitengwe na chungu cha familia. Ni heri familia nzima ipunguze chumvi, kwa maana itawafaa wote.

Nne ni mkono. Wengi hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa ya mkononi ili damu itoke kwa nguvu. Wauguzi wanauita fistula, na si ile fistula ya uzazi. Ukiweka kiganja juu yake unaisikia inatetema. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo wala gunia, na haulaliwi. Mtetemo ukikoma, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo ndio uhai wa mgonjwa, na kila anayeishi naye aujue.

Nafsi ya anayesafishwa damu

Sehemu hii haisemwi kwenye harambee, nasi tumeona isemwe.

Tafiti zilizojumlishwa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kuwa katika kila watu 4 au 5 wanaosafishwa damu, mmoja ana sonona. Sonona ni ugonjwa. Haitokani na uvivu, wala upungufu wa imani. Mtu anakosa ladha ya chakula na ya maneno, halali au analala kutwa, hapokei simu, anajiona mzigo. Kisha anaanza kukosa siku za mashine. Huanza na moja: "Leo sijisikii." Halafu mbili. Sisi tunadhani amekosa nauli, na kweli mara nyingine amekosa nauli. Lakini wakati mwingine nauli anayo na nia ndiyo imekwisha.

Tuwaeleze yaliyotufungua macho. Mama mmoja wa kwetu alikuwa akiruka siku ya mashine ya katikati ya wiki. Watoto walidhani ni kwa sababu ya maumivu. Alipoulizwa taratibu na mtu asiye wa nyumba yake, alisema kila akienda anahesabu mbuzi. Alikuwa amejua ni mbuzi wangapi wameuzwa tangu aanze, na alitaka wajukuu wabakiziwe kitu. Mwanawe hakuwa amemlalamikia hata siku moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiweka kwenye mizani na mbuzi, akajiona mwepesi.

Kwa wanaume jambo hili lina uso mwingine. Mwanaume wa kwetu hupimwa kwa jembe, kwa mifugo na kwa kauli yake kikaoni. Ugonjwa unamwondoa shambani, unauza ng'ombe wake, unampeleka mjini kukaa kwa mkwe au kwa mtoto. Nguvu za ndoa nazo hupungua kwa wengi, na hilo hakuna anayemuuliza, naye hamwambii mtu. Tunawaomba wagonjwa na wenzi wao wamweleze daktari. Ni sehemu ya ugonjwa, na mara nyingine ina msaada.

Anayeuguza naye tusimsahau. Mke, binti au kaka anayemsindikiza mgonjwa mara 3 kwa wiki ameacha shamba lake na biashara yake. Anaambiwa pole kwa ajili ya mgonjwa, na yeye mwenyewe haulizwi hali.

Yapo mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya bila hata shilingi ya harambee:

- Mkimtembelea, msianze na "umekonda" wala "umekuwa mweusi". Muulizeni, "Mashine ya jana ilikuwaje?" Atajua mnaelewa anachopitia.
- Msimpelekee mkungu wa ndizi na chupa za soda. Pelekeni sabuni, vocha ya simu, au unga.
- Msimwondoe kikaoni. Asiyeweza kulima anaweza kutunza daftari la kikoba, kusuluhisha ugomvi, kuwafundisha watoto hesabu. Mtu anayetegemewa hata kwa jambo dogo ana sababu ya kuamka.
- Msijadili mgawo wa shamba lake chini ya mti na yeye anawaona dirishani.
- Akisema "bora nife niwapunguzie mzigo", msimjibu kwa kumkemea, wala msicheke. Msimwache peke yake, na mwambieni muuguzi au daktari wake siku hiyo hiyo. Sonona ina tiba: ya mazungumzo na ya dawa.

Na kwa viongozi wetu wa dini tuna ombi. Waombeeni, tena sana. Lakini kila maombi yamalizike kwa maneno haya: "Na kesho uende kwenye mashine yako." Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wengi wetu tulikwenda au tuliwapeleka wazazi wetu, kila mmoja kwa imani yake. Walioacha dawa kwa sababu ya kikombe tunawajua. Imani na matibabu vinaweza kukaa nyumba moja.

Kwa nini si mashine

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi mliyotupa.

Mashine ya kusafisha damu hupitisha takriban mililita 500 za maji kila dakika upande wa pili wa kichujio. Saa 4 ni dakika 240. Hiyo ni lita 120 kwa mgonjwa mmoja kwa siku moja, yaani ndoo 6 za lita 20. Kwa mwaka wa siku 156 za mashine, ni ndoo 936 kwa mgonjwa mmoja tu. Tena hayo ni maji yaliyokwisha kuchujwa. Mtambo wa kuchuja humwaga mengine mengi ili kupata hayo.

Na yachujwe kweli kweli. Sisi ni watu wa ukanda wa floraidi. Visima vingi vya Arusha, Manyara na Singida vina madini hayo kupita kiasi, na ndiyo chanzo cha meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto wetu. Maji ya kunywa yanaruhusiwa kuwa na miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji ya mashine ya damu hayatakiwi kuzidi 0.2. Ukinywa maji, tumbo na figo vinakukinga. Kwenye mashine, maji yanatenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Mwaka 1993 mjini Chicago, mtambo wa kuchuja maji ulipochoka na kuachia floraidi, wagonjwa 12 waliugua ghafla na 3 walikufa. Hayo yalitokea katika mji wenye wataalamu na maabara.

Juu ya maji, weka umeme usiokatika kwa saa 4, wauguzi waliosomea kazi hiyo, daktari, fundi, na vichujio na dawa za kila wiki. Jirani zetu wa Kenya walituonyesha. Kuanzia mwaka 2015 serikali yao ilipeleka vifaa vikubwa, zikiwemo mashine za kusafisha damu, katika kaunti zote. Seneti ilipochunguza, mwaka 2020 iliripoti kwamba sehemu nyingine vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, maji au umeme. Katika kaunti nyingine mashine hizo zimeokoa maisha ya wengi, na tunawapongeza. Tofauti haikuwa mashine. Tofauti ilikuwa vitu vilivyoizunguka.

Chama cha kijiji kikinunua mashine moja, mwaka wa kwanza tutapiga picha, mwaka wa pili tutaifunika turubai. Kuisogeza huduma hii karibu na Masakta ni kazi ya Serikali na ya hospitali kubwa. Tuendelee kuwaomba, kwa barua na kwa kupitia wawakilishi wetu.

Tunachoomba mchangie

Gharama ya mashine yenyewe hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Tuchukue shilingi 200,000 kwa siku kama mfano wa kufanyia hesabu. Mara 3 kwa wiki kwa wiki 52 ni siku 156, sawa na shilingi 31,200,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kwa mara 2 kwa wiki ni 20,800,000. Hakuna zao la Masakta, iwe ngano, mahindi, mbaazi au alizeti, litakalobeba hilo mwaka hadi mwaka kwa kaya moja. Wala mfuko wetu hautaweza kumbebea hata mtu mmoja, na tukiahidi tutakuwa tunadanganya.

Hapo ndipo bima inapoingia. Bima ya Taifa, NHIF, huwalipia wanachama wake huduma hii. CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilisaidia sana zahanati na hospitali za karibu, ila haikuundwa kwa matibabu makubwa ya namna hii. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila mmoja wetu afuatilie utekelezaji wake na aisajili kaya yake mapema, akiwa mzima.

Lakini hata mwenye bima ana gharama ambazo bima haizijui. Kutoka Masakta unafika kwanza Katesh, kwenye lami ya Singida hadi Babati. Kutoka Babati mpaka Arusha ni karibu kilomita 170. Hakuna mgonjwa anayeweza kwenda na kurudi njia hiyo mara 3 kwa wiki. Analazimika kuhamia mjini, karibu na hospitali yenye mashine. Anahitaji chumba, mtu wa kukaa naye na nauli ya daladala. Tumekuta mgonjwa ambaye mashine yake imelipiwa yote, naye anakosa siku kwa sababu ya chumba.

Chukua tena mfano. Chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi ni 960,000 kwa mwaka. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, shilingi 5,000 kwa kila siku ya mashine, mara 156, ni 780,000. Jumla ni 1,740,000. Hiyo haifiki shilingi 6 kwa kila 100 za gharama ya mashine. Kwa hesabu hiyo, fedha kidogo zinaweza kuzuia kupotea kwa matibabu ya mamilioni yaliyokwisha kulipiwa na bima.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo 3.

La kwanza, mfuko wa chumba na nauli, kwa wagonjwa wa Masakta wanaosafishwa damu mbali na nyumbani. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa mwenye chumba, na nauli itumwe kwa simu kila wiki, kwa risiti.

La pili, wasindikizaji wa zamu. Sisi tuishio mjini tujigawe kwa tawi. Kila mgonjwa awe na watu 4 wa kupokezana kumpeleka, kukaa naye na kumpigia simu siku inayofuata. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji Jumatano yako moja kwa mwezi. Anayemuuguza naye apate siku ya kupumua.

La tatu, kupima kabla. Presha na kisukari ndivyo vyanzo vikubwa vya figo kufa, na vyote viwili huanza kimya. Tununue vipima presha na vipima sukari vya kutosha kwa zahanati na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na siku za mnada tupime watu bure kwa kushirikiana na wataalamu wa zahanati. Atakayekutwa na presha ameze dawa kila siku, hata akijisikia mzima. Tuwaambie pia wakulima wetu wanaonunua dawa za maumivu dukani kila wiki kwa ajili ya mgongo: diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa mfululizo zinaumiza figo. Kipima presha kimoja kinaweza kumwepusha mtu na siku 156 za mashine kwa mwaka.

Jinsi ya kuchagua

Mfuko ukianzishwa, maombi yatazidi fedha. Hapo ndipo vyama vingi huvunjika.

Tulikuta fundisho kule kule Seattle. Kituo chao kilipoanza mwaka 1962, mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Iliundwa kamati ya watu 7: mwanasheria, mchungaji, mama wa nyumbani, mfanyabiashara wa benki, kiongozi wa wafanyakazi, ofisa wa serikali na daktari mpasuaji. Waliulizana huyu anafanya kazi gani, ana watoto wangapi, anasali wapi, ana mali kiasi gani. Habari hiyo ilipochapishwa iliwashtua Wamarekani wengi: watu wanaamua nani aishi kwa kuangalia nani anafanana nao. Miaka 10 baadaye, 1972, nchi hiyo ikapitisha sheria ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo.

Sisi hatutaamua nani aishi. Ila hata kuamua nani apate chumba ni jambo zito. Tunapendekeza kanuni hizi ziandikwe na kusomwa kila mwaka: barua ya hospitali inayoonyesha siku za mashine, anayetangulia kuomba atangulie kupata, ukoo, dini, kabila na chama cha siasa visiulizwe, Mwiraqw, Mbarbaig, Mnyiramba na aliyehamia juzi, wote ni watu wa Masakta, aliyechangia na asiyewahi kuchangia wasimame mstari mmoja, na majina ya wanaosaidiwa yasisomwe hadharani. Hesabu zitasomwa mpaka shilingi ya mwisho, lakini jina la mgonjwa ni siri yake.

Neno la mwisho kabla ya bahasha

Mwaka ujao tutasimama hapa tena na daftari. Pamoja na mapato na matumizi, tunaahidi kuwasomea hesabu moja mpya: siku za mashine walizopangiwa ndugu zetu walio kwenye mfuko, na siku walizohudhuria. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo itakayotuambia kama fedha yenu imefanya kazi. Tukikuta siku zilizokosekana, tutauliza kila moja ilikosekana kwa nini: chumba, nauli, au moyo uliokata tamaa. Na kila sababu ina jibu lake katika mambo 3 tuliyoyataja.

Bahasha zinapita sasa. Andikeni kiasi cha fedha, au ahadi na tarehe yake. Na asiye na fedha leo aandike siku ya wiki anayoweza kumsindikiza mgonjwa, pamoja na mji anaoishi. Bahasha ya namna hiyo tutaihesabu sawa na nyingine.

 Mungu awabariki wote, na awafikishe wageni wetu nyumbani salama.